Mpelekeni nyumbani: rufaa isiyo na mpokeaji

Katika hospitali zetu kuna sentensi moja ambayo haiandikwi katika faili lolote, lakini ni familia chache ambazo hazijawahi kuisikia: "Mpelekeni nyumbani mkamuuguze." Husemwa kwa sauti ya chini, mara nyingi koridoni, na anayeisema huwa amekwisha kumgeukia mgonjwa mwingine. Mimi niliisikia tulipokuwa na mama yangu mdogo, aliyekuwa na saratani ya shingo ya kizazi, katika hospitali ambayo sina sababu ya kuitaja kwa kuwa ingeweza kuwa yoyote. Tulipewa karatasi ya kuruhusiwa, vidonge vya paracetamol na pole. Wiki sita zilizofuata alizimaliza amejikunja upande wa ukutani, kanga ameibana kwa meno ili watoto waliolala chumba cha pili wasimsikie, na sisi wakubwa, tuliosoma na tusiosoma, tukipokezana kumkanda kwa maji ya moto kana kwamba maumivu yale yalikuwa ya mgongo uliochoka kwa kulima.

Aliyetuambia maneno yale hakuwa mtu mbaya, na alichosema kilikuwa kweli: hospitali haikuwa tena na cha kumponya. Kasoro ilikuwa mahali pengine. Mfumo wetu wa afya una ngazi zinazoeleweka na kila mtu: zahanati ya kijiji, kituo cha afya cha kata, hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda, hadi ya taifa. Mgonjwa anapopanda ngazi hizo hupanda na barua ya rufaa yenye jina lake, mhuri, na jina la mahali anapokwenda kupokewa. Anapoteremka kwa sababu tiba ya kuponya imefika mwisho, hateremki na barua yoyote, wala hakuna aliyearifiwa kwamba anakuja. Tabibu wa zahanati iliyo mita mia tatu kutoka nyumbani kwetu alijua habari za mama mdogo siku alipoona turubai la msiba.

Huduma ambayo ingepaswa kumpokea ina jina. Tunaiita tiba shufaa. Ni jina lililochaguliwa vizuri kuliko wengi wanavyodhani, ingawa husomwa vibaya mara kwa mara, na nimekuta hata mabango yenye "shifaa", ambayo ni kupona. Shufaa ni maombezi, ni kusimama upande wa mtu ambaye peke yake hana nguvu ya kujitetea. Tiba hii haimwahidi mgonjwa uponyaji. Inayashughulikia maumivu yake, kichefuchefu, kukosa pumzi, kidonda kinachonuka hadi wageni wanakaa mlangoni, hofu ya usiku, na deni la ada ya shule analofikiria kuliko anavyoufikiria ugonjwa. Haisubiri siku za mwisho pia. Inapaswa kuanza pamoja na tiba ya kuponya na kuendelea baada ya hiyo kushindwa.

Kwa upande wa Tanzania hatuwezi kusema kwamba huduma hii ni ngeni. Hospitali ya Kilutheri ya Selian mkoani Arusha ilianza kuwafuata wagonjwa majumbani mwishoni mwa miaka ya 1990, Hospitali Teule ya Muheza mkoani Tanga ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hospitali nyingine za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri zikaingia katika mtandao huo. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyo katika majengo ya Wajerumani yanayotazama bahari jijini Dar es Salaam, imekuwa kitovu cha huduma hii na cha utengenezaji wa mofini ya maji, dawa ya kunywa ya kutuliza maumivu makali. Lakini ukiitazama historia hiyo kwa makini unaona kilichoifanya ibaki visiwa. Sehemu kubwa ilikua wakati wa UKIMWI, kabla dawa za kufubaza virusi hazijaenea, wakati wahudumu wa majumbani walipokuwa wakizunguka mitaani na mikoba yao kwa fedha za wafadhili. Dawa zilipopatikana, na ni jambo la kushukuru kwamba zilipatikana, wafadhili waliihesabu kazi ya majumbani kuwa imekwisha. Mgonjwa wa saratani, wa figo, wa moyo, au aliyepooza kwa kiharusi hakuwahi kuwa na mfadhili wa namna ile. Na tangu Januari 2025, Marekani ilipositisha ghafla misaada yake ya nje, hata waliokuwa wakiamini kwamba fedha za nje zitaendelea kuja wamelazimika kufanya hesabu upya.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 56.8 wanahitaji tiba shufaa na kwamba wanaoipata ni kama asilimia 14. Lakini takwimu iliyonikaa zaidi kichwani ni ya tume ya jarida la kitabibu la Lancet, iliyotoa ripoti yake mwaka 2017: kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini zilipata tani 0.1. Ni kama gunia moja kati ya magunia elfu tatu.

Mtu akisikia hivyo hudhani tatizo ni bei, kumbe mofini si dawa ya gharama. Mjerumani Friedrich Sertürner aliitenganisha kutoka katika utomvu wa mpopi mwanzoni mwa karne ya 19, haina kampuni inayoimiliki, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Unga wake huchanganywa na maji safi na kihifadhi, ukatiwa kwenye chupa ya plastiki, na kazi imekwisha. Kinachoikwamisha ni mambo matatu yanayosaidiana: hofu, kalamu na hesabu.

Hofu inajulikana. Katika nchi ambayo neno "unga" likitajwa kijiweni kila mtu anafikiria heroini, kumwambia mfamasia wa wilaya kwamba anatakiwa kuagiza unga wa mofini ni kumwomba aingie katika eneo ambalo sheria yake, ile ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, ina adhabu nzito. Katika wodi nyingi mofini hukaa katika kabati la kufuli mbili ambalo wauguzi bado wanaliita "kabati la DDA", kwa herufi zilizorithiwa kutoka sheria ya kikoloni ya dawa za hatari. Muuguzi anayekosea kujaza daftari la dawa ya malaria huitwa na mkuu wake wa kazi, ila anayekosea daftari la DDA hulala akiwaza polisi. Haishangazi kwamba wengi huona ni salama zaidi kabati libaki tupu. Kwa upande wa familia kuna hofu ya pili, kwamba mofini ni dawa ya kumalizia mtu. Imetokana na jinsi tulivyokuwa tukiitumia: ukimpa mgonjwa dawa siku mbili kabla ya kufa, jirani atahesabu kwamba dawa ndiyo iliyomwondoa.

Kalamu ndiyo jambo ambalo naona linazungumzwa kidogo kuliko linavyostahili. Zahanati ya kijiji haina daktari mwenye shahada. Ina tabibu, ina muuguzi au mkunga, na mahali pengine ni muuguzi peke yake anayefungua mlango asubuhi na kuufunga jioni. Ikiwa haki ya kuandika mofini itabaki mkononi mwa daktari, basi kwa hesabu rahisi mofini haitafika kijijini hata tukiwa na maghala yaliyojaa, kwa sababu mgonjwa asiyeweza kuketi hawezi kupanda bodaboda kilomita arobaini kila baada ya wiki mbili kwenda kuitafuta saini.

Uganda waliliona hilo mapema. Daktari Anne Merriman, Mwingereza aliyeanzisha shirika la tiba shufaa la Hospice Africa Uganda mwaka 1993 na kufariki mwaka 2025, alianza kazi katika nchi iliyokuwa na madaktari wachache sana, na akaona kwamba kuwasubiri ni kuwaacha watu wafe kwa maumivu. Mwaka 2004 serikali ya Uganda ilibadili kanuni zake ili wauguzi na matabibu waliopitia mafunzo maalumu ya tiba shufaa, yanayochukua miezi tisa, waweze kuandika mofini. Serikali ikachukua jukumu la kuitoa bure, na utengenezaji ukafanywa ndani ya nchi kwa ubia na hospisi hiyo. Chupa zake hutiwa rangi kulingana na ukali wa dawa ili mtu asiyejua kusoma asichanganye, ile ya kawaida ikiwa ya kijani na ile kali zaidi ya waridi. Kwa kufunga choo, usumbufu ambao mofini huuleta karibu kwa kila mgonjwa, wafanyakazi wa hospisi hiyo walizoea kutumia hata mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa pale dawa ya kulainisha choo inapokosekana. Sisemi Uganda imemaliza. Kuna wilaya ambazo mofini hukatika, na kuna wauguzi waliosomeshwa kozi ile kisha wakahamishiwa wodi ya wazazi. Hata hivyo walilolifanya mwaka 2004 halikuwagharimu jengo hata moja, na ndilo lililofungua njia kwa mengine yote.

Kuhusu hesabu, wasomaji wanivumilie kidogo, kwa maana hapa ndipo mgonjwa wangu anapopotelea bila yeyote kumpoteza kwa makusudi. Zahanati huagiza dawa Bohari ya Dawa kwa kuangalia matumizi ya miezi iliyopita. Ambako mofini haikutumika, mahitaji ni sifuri, na agizo linakuwa sifuri. Sifuri hizo zikijumlishwa kutoka kijijini hadi wizarani, nchi nzima inaonekana kuhitaji kiasi kidogo tu, na kiasi hicho ndicho kinachopelekwa kama makadirio ya mwaka kwa Bodi ya Kimataifa ya Udhibiti wa Dawa za Kulevya iliyoko Vienna, ambayo kwa mujibu wa mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa mwaka 1961 hutumia makadirio ya nchi kuweka ukomo wa kuagiza. Mkataba huohuo, tukumbuke, unasema wazi kwamba dawa hizi haziepukiki katika kutuliza maumivu na kwamba lazima zipatikane kwa ajili hiyo. Mama mdogo aliyekuwa akiibana kanga kwa meno hakuonekana katika takwimu yoyote kama upungufu wa dawa. Alionekana mara moja, kama kifo, na pengine hata hapo hakuandikwa, kwa sababu alifia nyumbani. Vitabu vya MTUHA, yaani vile vya taarifa za huduma ambavyo kila kituo hujaza, vikimtaka mhudumu aandike alama ya maumivu kama anavyoandika joto la mwili, kutakuwa na kitu cha kuagizia.

Wapo wanaosema kwamba mofini ikifika vijijini itavuja mitaani. Hoja hiyo ina jibu hapahapa nyumbani, na nashangaa kwamba halitumiki zaidi. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni kwa waraibu wa heroini, na tangu hapo kliniki za namna hiyo zimefunguliwa katika mikoa kadhaa. Methadoni ni ya jamii moja na mofini, nayo hutolewa kila siku, dirishani, kwa watu ambao tayari wana uraibu, chini ya macho ya vyombo vilevile vinavyodhibiti dawa za kulevya. Nchi haikuzama. Tulijifunza kuandika, kuhesabu, kushuhudia mtu akimeza, na kuoanisha daftari jioni. Ikiwa tuliweza hivyo kwa kijana wa Temeke mwenye uraibu, na tulifanya vyema kabisa, ni vigumu kueleza kwa nini tushindwe kwa bibi wa Muheza mwenye saratani ya mifupa. Tena mofini ya maji ya kiwango cha kawaida ina miligramu moja tu katika kila mililita.

Hoja nzito zaidi ni ile ya wauguzi wenyewe, kwamba wameelemewa. Hapo sina jibu la mkato. Niliwahi kumfuata muuguzi wa hospitali moja ya kanisa katika ziara zake za majumbani, na kwa siku nzima alifikia nyumba tatu. Katika nyumba ya pili aliketi mkekani pamoja na binti wa mgonjwa, msichana wa miaka kumi na sita hivi, akamwonyesha bomba la sindano lisilo na sindano, akalizungushia kipande cha plasta kwenye alama ya mililita tano. Kisha akamuuliza siku yao inavyokwenda. Saa kumi na mbili asubuhi, ng'ombe wanapotolewa, dozi moja. Saa nne, ya pili. Saa nane mchana, ya tatu. Saa kumi na mbili jioni, ya nne. Saa nne usiku atampa dozi mbili kwa pamoja, ili mgonjwa alale moja kwa moja bila kuamshwa saa nane. Msichana alirudia yote kwa kidole, akakosea mara moja, akarudia. Somo zima lilichukua dakika arobaini, na hakuna mashine wala kipimo cha maabara ambacho kingelifupisha.

Dakika arobaini hizo ndizo gharama halisi ya tiba shufaa, kuliko mofini yenyewe, na ndiyo maana suala la nani azilipie haliwezi kuachwa kwa nia njema ya muuguzi. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Bima kwa desturi hulipa kinachofanyika dirishani: kumwona daktari, kipimo, dawa, upasuaji, kulazwa. Ziara ya nyumbani isipotajwa kwa jina katika kitita cha mafao na kuwekewa bei, mganga mfawidhi atakuwa na sababu ya kiuchumi ya kutompa muuguzi pikipiki, kwa kuwa muda anaoutumia nje ni muda usioingiza chochote. Jimbo la Kerala nchini India, ambalo mara nyingi hutolewa mfano, lilivuka kikwazo hiki kwa sera yake ya mwaka 2008 iliyozihusisha serikali za mitaa, zikawa na wauguzi wa kuzunguka majumbani. Halmashauri zetu tayari zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa hiyo wazo la fungu lenye jina si geni kwao.

Nguvu kazi nyingine imekwisha kuandaliwa, ingawa kwa kazi tofauti. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kuwa na wahudumu zaidi ya laki moja na thelathini elfu ndani ya miaka mitano. Hawa hawataandika mofini wala hawapaswi. Wanaweza kujua ni nyumba gani ina mtu asiyetoka kitandani, kumgeuza ili asipate vidonda vya mgongo, kuangalia kama chupa inakaribia kwisha, na kupiga simu. Hapo rufaa ya kuteremka inapata mpokeaji: hospitali inapomruhusu mgonjwa, ujumbe uende kwa tabibu wa zahanati na kwa mhudumu wa mtaa siku hiyohiyo, ukiwa na jina, dozi na tarehe ya kuongezewa dawa.

Na wale wanaouliza kwa nini tutumie fedha kwa wanaokufa wakati walio hai hawana dawa, ningewaomba kwanza waangalie fedha ambazo tayari zinatumika. Familia nyingi huuza shamba ili mgonjwa apelekwe Dar es Salaam kwa mara ya tatu kutafuta tiba ambayo kila mtaalamu aliyemwona alijua haipo, ila hakuna aliyekuwa na la kumpa badala yake, wala muda wa kuketi na kusema hivyo. Zaidi ya hayo, si wote wanaokufa. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa Tanzania kila mwaka wakiwa na selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, na mtoto wa selimundu anayeingiwa na maumivu usiku wa manane huhitaji dawa ya kutuliza maumivu makali leo ili aende shule wiki ijayo. Kabati la DDA likiwa tupu, ni tupu kwake pia.

Limebaki jambo dogo ambalo wataalamu wa udhibiti huliuliza mapema kuliko wengine wote, na wana haki: mgonjwa akifariki, chupa iliyobaki inakwenda wapi? Muuguzi yule niliyemfuata alikuwa na utaratibu wake. Huisubiri familia imalize siku za matanga, kisha hurudi na daftari, hupima kilichobaki kwa bomba lilelile lenye plasta, huandika, na mtu mmoja wa familia huweka saini. Katika nyumba ya tatu siku ile hatukuwa tumeenda kwa mgonjwa, tulikuwa tumefuata chupa. Zilibaki mililita themanini na tano. Mjane aliweka dole gumba, akafuta wino kwenye upindo wa khanga, halafu akamuuliza muuguzi kama anaweza kumpima presha, kwa maana tangu mazishi alikuwa hapati usingizi.